Muamala umerudishwa, au umetenguliwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Ngamiani, Tanga, natengeneza programu ya chama cha kuweka na kukopa. Mwanachama akihamisha shilingi 50,000 kutoka akiba yake kulipia mkopo, kisha hatua ya pili ikagoma, hifadhidata inarudi ilivyokuwa kabla hajaanza. Kwenye skrini niandike muamala umefutwa, umeghairiwa au umerudishwa?

JIBU: Marahaba. Yote matatu yatakuletea ugomvi dirishani. Mwambie mama wa watu "umerudishwa", atakaa na simu mkononi akingoja hela irudi, na wala haikuwahi kutoka. "Umefutwa" ni baya zaidi. Kwenye pesa za chama neno hilo lanuka wizi. Na kughairi ni kubadili nia. Atakuuliza: "Kaghairi nani? Mimi?"

Neno ni kutengua. Uteuzi hutenguliwa, udhu hutenguka, na hapo kwenye udhu ndipo penye mfano hasa. Ukitenguka uko rakaa ya tatu, huendi ya nne. Swala imebatilika, unatoka, unatawadha, unaanza upya. PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, ndivyo ilivyo: amri moja ikikosea ndani ya muamala, zinazofuata zote hukataliwa mpaka uutengue. Hata ukiiamuru iuthibitishe muamala, itautengua. Kwa hiyo kosa linapotokea muamala umebatilika. Ukishatoa amri ya kuurudisha mwanzo, umetenguliwa. Ya kwanza ni hali, ya pili ni tendo, na wengi huyachanganya.

MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ina tabia yake. Ukiingiza namba ya uanachama iliyokwisha kusajiliwa, InnoDB, sehemu yake inayotunza data, hutengua amri hiyo moja tu, zilizotangulia zikabaki zikisubiri uamuzi wako. Hapo usiseme muamala umetenguliwa. Bado.

Kuna na ile alama mnayoiweka katikati ya muamala ili mrudi hapo badala ya mwanzo. Mimi naiita kituo, na kitenzi chake nakiazima kwa wasuka ukili: kufumua. Msusi akigundua kakosea hafumui ukili wote, hufumua mpaka pale palipoharibika, akaendelea. "Fumua hadi kituo cha pili" haihitaji kamusi.

Ila hayo ni yenu waandishi wa programu. Mwanachama mwandikie hivi: "Malipo hayakukamilika. Akiba yako haijaguswa."