Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ya Babu na Jiji la Birmingham

SWALI: Mzee wetu, pokea salamu kutoka Walukuba, Jinja. Babu yangu, ambaye ujanani alifanya kazi katika ujenzi wa bwawa la Owen Falls, alituachia pikipiki ndogo ya kijani yenye herufi BSA ubavuni mwa tangi. Binamu yangu anayeendesha boda boda aliijaribu kwenye mteremko, akakanyaga kile alichodhani ni gia, ikasimama ghafla na nusura imtupe. Fundi wa mtaani naye aliharibu nati mbili kwa spana zake, na sasa ndugu zangu wanataka kuiuza kwa wanunuzi wa skrepa. Kwa kuwa umewahi kutuandikia kwamba uliishi Birmingham, Uingereza, tafadhali nieleze jiji hilo lilikuwaje, watu wake waliishi vipi na pikipiki hizi, na kwa nini siku hizi hatuzioni tena. (Msomaji, Jinja)

JIBU: Mwanangu, nakuomba kwanza uwazuie ndugu zako wasiiuze kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Kwa maelezo yako, na kwa rangi hiyo ya kijani, ninaamini kwamba pikipiki ya babu yako ni Bantam, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1948 ikiwa na injini ya ukubwa wa 123 cc na gia tatu. Jina hilo ni la aina ya kuku wadogo, na ukilipangusa tangi polepole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, bila kusugua, huenda ukaona picha iliyofifia ya jogoo. Herufi BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kwa maana ya silaha ndogo za Birmingham, kwa sababu kampuni hiyo iliundwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki wa jiji hilo, ikaingia katika baiskeli, na kufikia mwaka 1910 ikawa inauza pikipiki.

Mimi nilifika Birmingham mwezi wa Septemba mwaka 1966, nikiwa kijana wa miaka 21 niliyekwenda kusomea ufundi wa mashine, nikapanga chumba katika mtaa wa Small Heath, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Armoury Road, barabara iliyokuwa na kiwanda chenyewe. Wewe umekulia Walukuba, kwa hiyo utanielewa nikikuambia kwamba mtaa ule uliishi kwa saa za kiwanda, kama vile Walukuba ilivyoishi kwa saa za kiwanda cha nguo cha Nyanza. Zamu ilipokwisha, lango lilifunguliwa na barabara ikajaa baiskeli na pikipiki, na kwa muda wa dakika kumi hivi mtu wa miguu hakuweza kuvuka. Nyumba zilikuwa za matofali mekundu yaliyogeuka meusi kwa moshi, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na nyingi zilikuwa na choo nje uani. Gesi ya kupashia chumba joto ilitoka baada ya kutumbukiza shilingi katika mita, nasi wapangaji tulizitunza shilingi zile kuliko noti, kwa sababu usiku wa Januari noti haikumsaidia mtu.

Mume wa mwenye nyumba wangu alikuwa mfanyakazi wa BSA tangu kabla ya vita. Ni yeye aliyenisimulia usiku wa tarehe 19 Novemba 1940, ndege za Wajerumani zilipokipiga kiwanda na wafanyakazi 53 wa zamu ya usiku wakafa. Siku tano kabla ya hapo jiji jirani la Coventry lilikuwa limeteketezwa, pamoja na kanisa lake kuu na kiwanda cha pikipiki za Triumph. Nilimheshimu sana mzee huyo. Mikunjo ya vidole vyake ilikuwa imeingia oili ambayo sabuni haikuitoa tena, hata Jumapili. Alipotaka kujua injini ina ugonjwa gani, aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma cha injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Kisha akasema bila kusita kwamba beringi fulani inakwisha. Alinifundisha kufanya hivyo, na mpaka leo hiyo ndiyo njia yangu ya kwanza ya kuichunguza injini yoyote.

Kwa msaada wake nilinunua Bantam iliyokwisha kutumika, nayo ikanipeleka chuoni miaka mitatu. Wakati ule mwanafunzi wa udereva aliruhusiwa kuendesha pikipiki isiyozidi 250 cc, na kwa mtu wa kipato cha chini pikipiki ndiyo iliyokuwa gari lake. Niliwaona baba wenye familia wakisafiri na mke na mtoto katika kigari cha pembeni, mvua ikiwapiga, wote wamejifunika turubai. Watumishi wa posta walipeleka simu za maandishi kwa Bantam nyekundu. Wakati wa baridi tulikunja magazeti tukayaweka kifuani ndani ya koti, kwa sababu upepo wa Birmingham hupenya sufu lakini karatasi huukinza, na barabara ilipoganda barafu tuliendesha kwa gia ya kwanza huku miguu yote miwili ikiburura chini. Sijapata kuhisi baridi ya namna ile tangu niliporudi Uganda, lakini wala sijapata tena furaha kama ile ya kufika salama.

Sasa nije kwa binamu yako. Hakufanya kosa la kizembe. Pikipiki nyingi za Kiingereza za wakati huo zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki ya Boxer anayoiendesha yeye, na mguu uliozoea boda boda utamsaliti mtu yeyote. Bantam yenyewe ilinakiliwa kutoka pikipiki ya Kijerumani ya DKW, ambayo michoro yake ilichukuliwa kama fidia ya vita. Waingereza wakaigeuza injini kama sura ndani ya kioo, ili gia iangukie mguu wa kulia kama walivyozoea. Ni katikati ya miaka ya 1970 tu, Marekani ilipoagiza kwa sheria kwamba gia iwe kushoto, ndipo viwanda vya Uingereza vilivyouza huko vilipolazimika kubadili. Fundi wako naye alitumia spana za milimita, ambazo zinakaribia kuenea lakini hazikamati, na matokeo yake ni nati kuviringika kingo. Nati za babu yako ni za vipimo vya inchi vya mfumo wa zamani uitwao Whitworth. Mwambie asiziguse tena mpaka mpate seti hiyo, hata kama ni ya kuazima.

Kwa nini hatuzioni tena? Nitakujibu kama mtu aliyeishi karibu na lango lile, maana jambo hili bado linaniuma. Katika miaka ya 1950 BSA ilihesabiwa kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa pikipiki duniani. Mwaka 1960 Edward Turner, mbunifu mashuhuri wa Triumph, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya BSA, alikwenda Japani, akaviona viwanda vya Honda, Suzuki na Yamaha, akarudi na onyo. Lakini wakubwa wa viwanda vya Uingereza walijifariji kwamba Wajapani watauza pikipiki ndogo tu, vijana watajifunzia hizo, kisha watakuja kununua kubwa za Kiingereza. Mimi nasema hapo ndipo walipopotea. Mwaka 1969 ikaja Honda CB750 yenye silinda nne, breki ya diski mbele na kiwashio cha umeme, injini isiyomwaga oili chini, na hata soko la pikipiki kubwa likaanza kuondoka. Bantam ilisimamishwa mwaka 1971, mwaka ambao kampuni ilitangaza hasara ya zaidi ya pauni milioni 8, na mwaka 1973 kilichobaki kikaunganishwa na kampuni nyingine. Walioidharau pikipiki ndogo waliidharau ile ile inayowalisha maelfu ya vijana wetu hapa Uganda leo, pamoja na binamu yako, na wanaoitengeneza sasa ni watu wa India.

Nilipoondoka mwaka 1974, yule mzee alikuwa amekwisha kuachishwa kazi. Alinipa bisibisi yake ndefu. Mwanangu, usiibadilishe injini ya babu yako kwa ya Kihindi, hata kama fundi atakuahidi nini. Safisha kabureta, badilisha plagi, na ukumbuke kwamba injini hii hunywa petroli iliyochanganywa na oili, sehemu moja ya oili kwa takriban sehemu ishirini za petroli. Ukiijaza petroli tupu utaiua siku hiyo hiyo. Chunguza pia kifuniko cha tangi, kwa sababu upande wake wa ndani una kikombe kidogo cha kupimia oili.

SWALI: Mzee, marehemu baba yangu alijifunza ufundi wa pikipiki mjini Kampala kwa fundi mmoja Singasinga, ambaye mwaka 1972 aliondoka pamoja na Waasia wengine akaenda Birmingham. Baba alikuwa akijiuliza fundi yule aliendeshaje pikipiki huko, ilhali Uingereza ililazimisha helmeti na yeye hakuvua kilemba. (Msomaji, Bombo)

JIBU: Baba yako aliuliza swali lililofika mpaka bungeni. Sheria ya kuvaa helmeti ilianza mwaka 1973, wakati ambao wengi waliofukuzwa Uganda walikuwa bado wanatafuta kazi na makazi, na Masingasinga waliokataa kuvua vilemba walitozwa faini. Nilimfahamu mmoja wao huko Small Heath, fundi aliyetoka Kampala, ambaye kwa miezi mingi alitembea kwa miguu alfajiri kwenda zamuni na kuiacha pikipiki yake uani, imefunikwa blanketi. Mwaka 1976 bunge lilipitisha sheria ya kumruhusu Singasinga aliyevaa kilemba aendeshe pikipiki bila helmeti, na ruhusa hiyo ipo mpaka leo. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani, lakini yeye aliniandikia barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili kunijulisha kwamba blanketi limerudi kitandani.