Muulize Shangazi: Binti kashikwa na gofu, nimuache?

SWALI: Shangazi shikamoo. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, binti yangu wa kidato cha pili kaona wanawake wanacheza gofu kwenye TV basi nyumba haikaliki, kachonga mti wa mpera anapiga ndimu uani mpaka kioo cha jirani kimeenda. Eti anataka iwe ndo kazi yake. Hivi kuna mwanamke anaishi kwa gofu kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kioo. Wapo tena wengi tu, LPGA, chama cha wanawake wa gofu ya kulipwa cha Marekani, kipo tangu 1950. Annika Sörenstam wa Sweden kashinda mashindano 72 humo, 2001 alimaliza raundi kwa mapigo 59 tu (kwenye gofu mapigo machache ndo ubingwa), halafu 2003 akaenda kucheza na wanaume kule Texas, hakuvuka mchujo ila alithubutu. Lorena Ochoa wa Mexico yeye kastaafu 2010 akiwa namba moja duniani, ana miaka 28 tu (mi mpaka leo nashangaa).

Sasa huo mchujo ndo uuelewe. Mashindano mengi ni siku nne, zikipita mbili walioachwa nyuma wanakatwa, mara nyingi hela ya zawadi hawapati, na nauli, hoteli, mbeba fimbo umeshalipa mwenyewe. Kwa hiyo aanze na gofu ya ridhaa huku anasoma. Likizo pandeni SGR mshuke Morogoro, pale Gymkhana kuna uwanja, muulizie mafunzo ya watoto. Fimbo usikimbilie kununua, azima kwanza.