Jibu: Petroli na siku za kuwaona nyangumi wa kijivu, Baja California

Salaam, ndugu. Umeuliza kama unaweza kuendesha kutoka San Diego, Marekani, hadi Guerrero Negro, mji ulio katika rasi ya Baja California nchini Meksiko, kwa siku moja mwezi Februari. Nakushauri ulale njiani, kwani barabara ni nyembamba na usiku ng'ombe husimama katikati ya lami. Kwanza kagua bima ya gari, kwa kuwa ile ya Marekani pekee haitambuliki Meksiko. Kisha jaza tangi El Rosario, mji wa njiani, maana mbele yake kuna zaidi ya kilomita 300 zisizo na kituo cha uhakika; mimi nilipuuza, nikaishia kununua petroli ya mapipa katika kijiji cha Cataviña, iliyomiminwa kwa chupa iliyokatwa kitako. Februari umechagua vyema: nyangumi na ndama wao wamo ghubani Ojo de Liebre, karibu na Guerrero Negro. Beba koti zito la kuvaa kwenye boti ya kwenda kuwatazama.