Kabla Hujamhakiki Mtu wa Tanga, Hesabu Mizani

Wiki iliyopita binti mmoja wa Makorora kaniletea ujumbe wa WhatsApp. Alikwenda kwenye usiku wa mashairi ulioandaliwa na shangazi yake, ukamchosha, na sasa anataka kuandika uhakiki wake. "Kaka, nikisema kweli shangazi ataninunia. Nikisema uongo nitajinunia mwenyewe. Nifanyeje?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Swali hilo nimelilipia.

Miaka mitatu iliyopita niliandika kuhusu kikundi kimoja cha taarabu cha hapa mjini. Sikitaji, wenyewe wanajijua na mji mzima unawajua. Walikuwa wanazindua nyimbo mpya. Nililipa kiingilio, nikakaa nyuma karibu na mlango na daftari langu, nikarudi nyumbani saa nane usiku na mambo mawili. La kwanza, kinanda kilikuwa kinayameza maneno. Sisi wa nyuma tuliambulia kiitikio tu. La pili, mtunzi kachoka. Ushahidi wangu ulikuwa mshororo wa kwanza wa wimbo ule uliosubiriwa na ukumbi mzima: "Mpenzi wangu wa dhati, moyo wangu taabani." Nikaandika kwa madaha kwamba kipande cha kwanza kina mizani, yaani silabi, 7 na cha pili 8, kwa hiyo wimbo unachechemea. Neno hilo "unachechemea" nililipenda mno, nikalisoma mara tatu kabla ya kulala.

Siku ya pili yake nikapita barazani Barabara ya 12 kunywa kahawa. Mtunzi alikuwepo. Mjukuu wake alikuwa ameshamsomea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akamwomba muuza kahawa vikombe vitupu. Akavipanga mbele yangu kwenye sakafu ya baraza, kimoja kimoja, kila kikombe na silabi yake. "M." Kikombe. "Pe." Kikombe. "Nzi." Akaendelea taratibu mpaka "ti", na vikombe vilikuwa vinane. Akakinyanyua kile cha kwanza, akakitazama ndani kama anayetafuta kitu. "Hii m yangu, mwanangu, umeipeleka wapi?"

Watu walicheka mpaka muuza kahawa akaweka dele chini.

Na mimi nilikuwa najua! Tulifundishwa shuleni: m ya mpenzi ni mizani kamili, kama ya mtu na mtoto, tofauti na ya mwana inayobebwa na w. Lakini usiku ule nilihesabu kwa sikio, mwimbaji kaipitia ile m juu juu, na mimi nilikuwa natafuta kosa. Anayetafuta kosa hulipata hata pale ambapo halipo.

Mzee aliishia pale. Waimbaji hawakuishia pale. Wiki mbili baadaye tulikuwa harusini, kikundi ni kile kile, na mwimbaji akaporomosha mpasho. Wanawake wakainuka kwenda kumtunza, na kila aliyepita meza yetu aliinyoosha noti kwangu kwanza, akaitikisa, ndipo akaenda kumpa mwimbaji. Mke wangu alivuta mtandio mpaka puani. Pilau ililetwa hatukuigusa.

Miezi iliyofuata naipita haraka. Kadi za mwaliko zilipungua, na nikiingia ukumbini kuna mtu atasema kwa sauti, "Jamani hesabuni mizani, mwenyewe kaja." Wengine wananitupia jina la Shaaban Robert, eti mji ambao mtu kama yule alizaliwa jirani hapo Vibambani, 1909, leo unahakikiwa na asiyejua kuhesabu mpaka nane.

Kinachoniuma hadi leo ni kinanda. Kuhusu kinanda nilisema kweli, na hakuna aliyenijibu. Ile m moja ilizika ukurasa mzima. Ndugu yangu unayeandika Dar es Salaam unaweza kumkosea msanii na msionane maisha. Hapa utakutana naye sokoni, msibani, kwenye foleni ya mihogo, na kosa lako limeshafika kabla yako.

Sasa binti, sikia. Hesabu. Ukisema mshororo umepungua, uandike, uugonge kwa vidole, halafu mpe mtu mwingine naye augonge. Ukisema sauti ilikuwa mbovu, usikae kiti kimoja usiku kucha kama nilivyofanya. Sogea mbele, sogea katikati, rudi mlangoni. Fundi mitambo mara nyingi anakaa ubavuni mwa jukwaa, nyuma ya spika zake, na hasikii unachosikia wewe. Kwa hiyo mwambie maneno yalipotelea wapi ukumbini. Kumwambia tu kwamba ni mbaya hakumsaidii. Na usile pilau ya mwenye shughuli kabla hujaandika. Na hesabu tena.

Shangazi mwende nyumbani kwake kwanza. Mwamkie, mwambie kwa mdomo lile baya utakaloandika, asilisikie kwa jirani. Mimi sikufanya hivyo, na mzee alisomewa na mjukuu.

Lakini uandike! Pale barazani kuna wazee ambao mpaka leo wanabishana kati ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, nani alikuwa mkali, na wanakueleza jinsi taarabu ya Tanga ilivyojikata na ile ya Unguja: wenzetu na fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni na okestra kubwa, sisi bendi ndogo na gitaa, mtindo ukavuka mpaka hadi Mombasa. Huo ndio uhakiki, na ni mkali kuliko wangu. Ila unaishia kwenye vikombe vya kahawa. Mzee akiondoka, anaondoka nao. Nyinyi vijana mmebaki na "kaua", "hatari", "moto". Hizo ni kelele za ukumbini. Mtunzi hawezi kurekebisha wimbo kwa kuambiwa "moto". Acheni uvivu wa sifa, jamani. Kama unampenda msanii wako, msikilize mpaka mshororo wa mwisho.

Mimi ile m niliisahihisha hadharani, kwa jina langu. Ilinichukua miezi minne, kiburi kilinishika. Mzee hakusema kitu, ila nilipopita barazani alinilipia kahawa.

Ijumaa wale wale walipiga tena. Nimelipa kiingilio, nimebadilisha viti vitatu, sikula chochote. Utunzi wa mzee ni safi, vina vimetulia, mizani 16 kila mshororo. Nimegonga vidole mara tatu na mke wangu kagonga mara moja. Kinanda bado kinayameza maneno, kuanzia safu ya tano kwenda nyuma.