Kwa mnaoanza kuprinti spea za kazi, siyo sampuli za mezani

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya printa za 3D, wengi mnakuja mmeshazoea kuprinti midoli na vishikio vya simu, halafu siku mteja anakuletea oda ya spea 60 mnadhani ni kitu kilekile mara 60. Siyo. Cha mezani ukikosea unatupa unaprinti kingine, ila kinachoenda kufungwa kwenye mashine kikikatika mashine imesimama, na watu wamesimama nayo.

Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa vishikio vya sensa vya mkanda wa kufungashia maji ya chupa. Sampuli niliprinti kwa PLA nyeusi, ile plastiki ya kawaida ya kuprintia, ikatoka safi, mteja akaipenda, basi nikashusha vyote 60 hivyohivyo nikaweka boksi kiti cha nyuma cha gari. Dar, saa saba mchana, gari juani. Nafika nafungua boksi, vya juu vyote vimepinda, tundu za bolti zimekuwa yai. PLA kwenye nyuzi joto 60 hivi inaanza kulegea, na mimi nilikuwa nalijua hilo ila sikuwahi kujiuliza kipande kitapita wapi kabla ya kufika kazini. Nikarudia zote kwa hela yangu. Kwa plastiki nyingine, PETG inafika 80 hivi, ABS na ASA karibu 100, na kama kitakaa nje chukua ASA, jua haliiharibu haraka kama ABS.

Halafu tabaka, zile safu za plastiki printa inazopanga moja juu ya nyingine. Hili nalisema kila siku na bado naletewa ndoano zilizoprintiwa zimesimama wima. Fikiria unapasua kuni, ukifuata nyuzi zake pigo moja tu inaachia, ukikata kwa kukingama unatoka jasho. Kipande cha printa ni hivyohivyo, kinaachia pale tabaka zilipoungana, kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote jiulize mzigo utavuta upande gani, kisha kilaze ili nguvu isije ikatenganisha tabaka. Hata kama sapoti, zile nguzo za muda za kushikilia sehemu zinazoning'inia, zitaongezeka, we kilaze tu. Na ukitaka nguvu ongeza kuta, yaani mizunguko ya nje ya kipande, ziwe nne au tano, kabla ya kukimbilia kujaza ndani asilimia 100.

Naironi ni nzuri sana kwa gia, ila huku pwani inakunywa unyevu balaa. Ukisikia nozo, ule mdomo wa printa unaotoa plastiki, inatoa sauti ya mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, na kipande kinatoka na vinyweleo, simamisha, usijidanganye kwamba itatulia. Kausha rola ya plastiki kwa nyuzi joto 80 usiku kucha na uprinti ikiwa bado ndani ya kikaushio.

Tundu nazo hutoka ndogo kuliko ulivyochora, ya milimita 8 unapima unakuta 7.8, kwa hiyo printi kwanza kipande kidogo chenye tundu tu, pima kwa kalipa, rekebisha mchoro, ndiyo ushushe oda. Nyuzi za bolti usiziprinti kwenye plastiki kama kitafunguliwa mara kwa mara, weka vinati vya shaba unavizamisha kwa pasi ya solda.

Na msinakili spea ya chuma vilevile ilivyo. Ile nozo ya mafuta ya injini ya ndege ya LEAP, iliyoprintiwa kwa 3D na inayotajwa kila mahali, kilichofanyika ni kuchora upya vipande kama 20 vikawa kimoja, chepesi kwa asilimia 25. Faida kubwa ilianzia kwenye mchoro. Mteja akitaka maelfu ya kipande kilekile mwambie ukweli kwamba moldi, yaani kumimina plastiki kwenye umbo lililochongwa, itamtokea nafuu, atarudi kwako kwa vile vichache vichache.

Bei msipige kwa gramu. Hesabu masaa ya mashine, zilizoharibika, na mkono wako kutoa sapoti.

Mwisho, daftari. Faili toleo gani, rola gani, joto la nozo, kuta ngapi, kipande kililala vipi. Yule mteja wa maji alirudi baadaye anataka vingine 12, nikafungua ukurasa wake, jioni ileile printa ikawa inakimbia.