Utambulisho kwanza, ubao wa miradi baadaye

Mhasibu wenu akiacha kazi Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado anaweza kufungua nini? Barua pepe ya ofisi mtaifunga. Je, ubao wa miradi aliojisajili kwa Gmail yake binafsi? Folda ya mikataba? Mfumo wa likizo? Kila ofisi inayoniita kuisaidia mambo ya TEHAMA naianzia hapo, na ni nadra kukuta mtu mmoja mwenye jibu kamili.

Ofisi ndogo nyingi hufika mahali ambapo bajeti inatosha jambo moja tu. Ama walipie programu ya kusimamia miradi iliyo kwenye wingu (yaani seva za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti), kama Trello, Asana au Jira, ama wafunge seva yao ya kusimamia utambulisho, kama Keycloak, ili kila mfanyakazi awe na akaunti moja inayomwingiza kwenye mifumo yote. Mkurugenzi huvutwa na ya kwanza kwa sababu anaiona kwa macho: kadi zinasogea, tarehe za mwisho zinawaka nyekundu. Kijana wa TEHAMA huitaka ya pili. Ushauri ninaoutoa ni kwamba utambulisho utangulie, ila si lazima ukae kwenye seva yenu. Ubao wa miradi ukae kwenye wingu, na hilo lisiwakoseshe usingizi.

Ubao wa miradi ukipotea kwa wiki moja, mtahangaika. Mtarudi kwenye kundi la WhatsApp na daftari, mikutano itakuwa mirefu, lakini kazi itaenda. Hili si la kufikirika. Aprili 2022 Atlassian, wenye Jira, waliendesha skripti iliyokusudiwa kuondoa programu moja ya zamani, ikafuta tovuti nzima za wateja 775. Wengine walikaa karibu wiki mbili bila kufikia kazi zao kabla ya kurudishiwa. Ilikuwa hasara ya kweli, ila waliokuwa na barua pepe na mafaili yao kwingine waliendelea kufanya kazi. Utambulisho ukianguka, hakuna anayeweza kuingia upya kwenye mfumo wowote uliounganishwa nao, na hata anayetakiwa kuurekebisha anaweza kujikuta nje.

Keycloak ni programu nzuri sana. Ilianzia kampuni ya programu ya Red Hat, ikatoka kwa umma mwaka 2014, na tangu 2023 iko chini ya CNCF, taasisi inayolea miradi mikubwa ya programu huria. Ni huria na ya bure, na inazungumza OpenID Connect na SAML, lugha za kuthibitishiana mtumiaji ambazo mifumo mingi ya kisasa inazielewa. Inahitaji seva yenye RAM ya kutosha, hifadhidata kama PostgreSQL, jina la tovuti, cheti cha usalama kisichoachwa kikaisha muda, na saa iliyo sahihi, kwa sababu tokeni zake, yaani vibali vya kidijitali anavyopewa aliyeingia, zina muda wa kuisha na saa ya seva ikipotoka watu watakataliwa bila sababu inayoonekana. Hayo yote fundi wa kawaida atayamaliza kwa siku chache.

Gharama yake kubwa inakuja baadaye. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi michache, na ukibaki na la zamani hupati viraka vya usalama. Lazima mtu asome maelezo ya toleo, ajaribu pembeni, achukue bakapu ya hifadhidata, kisha apandishe. Bakapu isiyowahi kurejeshwa kwenye seva nyingine kwa majaribio usiihesabu. Kwa hiyo ninapoulizwa kama ofisi iendeshe Keycloak yenyewe, nataka kujua mna watu wangapi wanaoweza kuirejesha ikianguka usiku. Akiwa mmoja tu, nasema hapana. Mtu huyo ataugua, atakwenda kijijini kwenye msiba, au atapata kazi kwingine yenye mshahara mnono, na ofisi nzima itabaki inasubiri simu yake.

Kuna hoja naisikia sana hapa kwetu, na ina uzito. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, ilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Baada ya hapo watu wengi waliniambia kwamba sasa ni kila kitu ndani ya ofisi. Wako sahihi kwa upande mmoja. Kama seva ya mafaili, Wi-Fi na mfumo wa mishahara viko ndani ya jengo, utambulisho ulio ndani utaendelea kuvihudumia hata bahari ikichafuka. Lakini kama utambulisho uko ofisini kwenu Mikocheni, Dar es Salaam, na ubao wa miradi uko ng'ambo, siku mkongo unapokatika mna ufunguo mkononi na mlango hamuufikii.

Igeuze sasa. Intaneti ni nzima, ila umeme wa jengo umekatika na betri za UPS zimekwisha. Wenzenu wa Dodoma na Mwanza wana mtandao mzuri, ubao wa miradi uko hai kabisa, na bado hawaingii, kwa sababu kila kuingia lazima kupitie seva iliyozimika Dar es Salaam. Ukiunganisha seva yako na huduma ya wingu umejumlisha udhaifu wa pande zote mbili: kimoja kikilala, vyote vimelala. Wengi hawalipigi hesabu hili kabla ya kufunga. Anayetaka kuendesha utambulisho mwenyewe na anatumia huduma za wingu, aiweke Keycloak kwenye seva ya kukodi katika kituo cha data chenye umeme wa uhakika. Itabaki kuwa yake.

Kabla hujalipia programu yoyote ya miradi, uliza ni kifurushi kipi kinachokubali kuunganishwa na mfumo wako wa utambulisho. Kampuni nyingi huweka SAML kwenye vifurushi vya juu tu. Asana wameiweka kwenye vile vya makampuni makubwa, na kwa Jira inahitaji usajili wa ziada wa Atlassian Guard. Unaweza kutumia miezi kuijenga Keycloak vizuri, halafu ukakuta ubao unaoutaka hauipokei mpaka ulipie kifurushi cha juu, kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Ila kitufe cha kuingia kwa Google au Microsoft mara nyingi kipo hata kwenye vifurushi vya chini.

Ndiyo maana kwa asasi na kampuni ndogo nashauri watumie walicho nacho. Kama barua pepe yenu iko Google Workspace au Microsoft 365, tayari mna mfumo wa utambulisho. Kataza kujisajili kwa barua pepe binafsi kwenye zana yoyote ya kazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu, na uwe wa programu ya simu inayotoa namba kila sekunde 30, kwa sababu hiyo haihitaji bando wala mtandao. SMS naziepuka, maana laini inaweza kuhamishwa kwa ulaghai.

Keycloak naipendekeza kwa moyo mmoja kwa vyuo, hospitali na kampuni zenye mifumo mingi waliyojitengenezea wenyewe. Hao wana taarifa ambazo wana sababu nzuri ya kutaka zibaki mikononi mwao. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na orodha ya wafanyakazi na majukumu yao ni miongoni mwa taarifa hizo. Kenya wana sheria yao ya 2019. Anayechagua wingu azungumze na mwanasheria mapema.

Vyovyote mtakavyochagua, tengenezeni akaunti mbili za dharura za usimamizi zisizopitia mfumo wa kuingia wa pamoja, nywila zake ziandikwe kwenye karatasi na kufungiwa kwenye sefu ya mhasibu. Na kwenye ubao wa miradi, mtu mmoja apewe kazi ya kupakua nakala kila mwisho wa mwezi. Trello inatoa ubao mzima kwa JSON, faili la maandishi linalosomwa zaidi na programu, hata kwa wasiolipa, ila CSV, faili la jedwali linalofunguka moja kwa moja kwenye Excel ni ya wanaolipia.