Diski inataka ufomati? Isikilize kwanza

Mkuu, hiyo diski ya nje yenye picha za harusi ambayo kompyuta inakwambia ufomati, usifomati kwanza (yaani usiifute na kuiandaa upya), weka sikio karibu. Ikigonga tak tak tak basi kichwa cha kusomea ndo kina shida mara nyingi, chomoa upeleke kwa fundi, kila ukiiwasha inaweza kuzidi kukwaruza sahani (zile zinazozunguka ndani na kubeba data), na wale wanaoshauri "weka kwenye friza" achana nao. Kama inazunguka kawaida badili waya na tundu la USB, mi nilishahangaika siku mbili kumbe waya tu. Ikionekana kwenye kompyuta fungua CrystalDiskInfo (programu ya kuangalia afya ya diski), mstari wa C5 namba ya mwisho kulia ikizidi sifuri kuna sekta, yaani vipande vya diski, hazisomeki, kopi diski nzima kwa ddrescue (programu ya kunakili diski yenye shida) kwenda diski nyingine, picha uzitafute humo kwenye kopi. Chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, usiguse kabisa.